Nani atatoa amri ya kubomoa? Hotuba juu ya moto na uongozi wa kijiji

(Hotuba kwa wakubwa wa vijiji vya Kabare na Walungu, pamoja na wajumbe wa nyumba kumi, Bukavu)

Bashefu wa gurupema, yaani wa makundi ya vijiji, wakubwa wa vijiji, wazee wa baraza, mama zetu mnaosimamia masoko, vijana wa salongo, kazi zetu za pamoja, jambo kwenu wote. Mmeacha mashamba na kushuka mpaka hapa mjini, na wengine mtapanda mlima tena kwa miguu jioni hii. Basi tuingie moja kwa moja katika neno lililotuita.

Moto ukishika nyumba kijijini, kila mtu hupiga kelele ya maji. Maji ni ya lazima, na tutayasema. Lakini kijiji cha nyasi na mbao huokolewa hasa kwa kuukatia moto njia, na kuukatia moto njia mara nyingi ni kubomoa paa la mtu ambaye nyumba yake bado haijawaka. Hapo ndipo watu hukwama. Mwenye nyumba amesimama mlangoni anakataa. Vijana wana panga na kamba mkononi, lakini wanaogopa kesi kesho. Mkubwa wa kijiji yuko sokoni Mudaka au Mugogo. Zinapita dakika tano, kumi, na nyumba ile waliyoogopa kuigusa inawaka nayo, kisha ya nyuma yake. Ndiyo maana leo tunawaomba jambo moja kuliko yote: kijiji kikubaliane mapema, mbele ya wote na kwa maandishi, nani ana haki ya kutoa amri ya kubomoa, na nani atamjengea aliyebomolewa.

Kwanza tuelewane kwa nini kubomoa. Paa la nyasi kavu likiwaka hurusha cheche, na upepo huzibeba mpaka juu ya paa lingine ambalo moto wenyewe haujalifikia. Ukuta wa mbao nao hushika kwa joto tu, kabla ya ulimi wa moto kuugusa. Na nyumba yenye bashi (turubai) la plastiki chini ya manjanja (mabati) ni mbaya zaidi, kwa sababu bashi linayeyuka na kudondoka likiwaka juu ya godoro na nguo. Nyumba ya namna hiyo inaweza kuwaka yote kwa dakika chache. Ukileta ndoo wakati huo, unamwagia maji nyumba iliyokwisha kupotea, huku ile ambayo ingeweza kupona haina mtu.

Vipimo viko, na si vigumu. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya msaada hutumia katika kambi za wakimbizi, zinasema kati ya nyumba na nyumba pasipungue mita 2, na vizuri zaidi pawe na nafasi mara mbili ya urefu wa nyumba kwenda juu. Nyumba yenye kilele cha mita 3 na nusu iachiwe basi mita 7. Na kwa kila mita 300 za nyumba zinazofuatana, liachwe eneo tupu la mita 30 lisilo na kitu cha kuwaka. Angalieni Kadutu hapa Bukavu: mbao zimeshikana na mbao, vichochoro ni vyembamba, na gari la kuzima moto haliwezi kupita hata likija kwa wakati. Kadutu imekwisha kujengwa. Nyinyi bado mna ardhi. Mkubwa anayegawa viwanja ndiye mzima moto wa kwanza wa kijiji, na kazi hiyo anaifanya kwa kamba ya kupimia siku anapomwonyesha mtu mahali pa kujenga. Anayemruhusu mjukuu kuegemeza chumba cha mbao kwenye ukuta wa babu yake anapanga moto wa miaka ijayo.

Pale ambapo nyumba zimekwisha kusongamana, zungukeni kijiji mchana kweupe, mkubwa pamoja na wajumbe wa nyumba kumi, mkachague sehemu za kukatia. Angalieni kwanza upepo wa kiangazi unatoka wapi. Halafu mfahamu hili, maana wengi hukosea hapa: hamtabomoa nyumba inayopakana na ile inayowaka. Hiyo itashika kabla hamjamaliza. Mnaiacha, mnakwenda kwenye ya pili au ya tatu upande upepo unakoelekea, na hapo ndipo mnapata muda wa kufanya kazi. Nyasi zinavutwa kwa ndoana ndefu kuanzia kileleni, zinaburutwa mbali na upande wa moto, zinamwagiwa maji pale chini. Nyumba ya manjanja haihitaji kuvunjwa yote: ng'oeni mbao za ukuta unaotazama moto, toeni bashi na magodoro, kisha simamisheni manjanja yaliyong'olewa yawe ngao mbele ya ukuta wa nyumba inayofuata. Bati haliwaki, nalo huzuia joto kwa muda wa kutosha ndoo zifike.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe, na hapa tutakaa kidogo.

Iandikwe katika baraza, siku ambayo wengi wapo. Yatajwe majina matatu ya watoa amri, kwa mpangilio: mkubwa wa kijiji, msaidizi wake, na mtu wa tatu ambaye kwa kawaida haondoki kijijini. Tunasisitiza huyo wa tatu. Siku ya soko wanaume wengi hawapo, wengine wako machimboni kwa wiki nzima, na moto wa kiangazi hupenda mchana. Mara nyingi mtu anayefaa ni mama, yule anayejua kila jiko na kila mtoto. Basi jina lake liandikwe, na wazee waseme mbele ya watu kwamba neno lake siku hiyo ni neno la kijiji. Ikiwa wote watatu hawapo, amri inashikwa na mjumbe wa nyumba kumi wa sehemu inayowaka.

Karatasi iseme pia mipaka ya amri hiyo. Kwanza watu watolewe ndani ya nyumba itakayobomolewa, wazee, wagonjwa na watoto waliolala, na mtu mmoja aingie kuhakikisha. Vitu vitolewe kama muda upo, na mtu aliyetajwa kwa jina avilinde, kwa sababu wizi wakati wa moto ndio unaowafanya watu wang'ang'anie mlangoni. Kisha fidia: kijiji kizima kitamjengea aliyebomolewa, katika salongo mbili zinazofuata, miti na nyasi zikitolewa na kila nyumba. Manjanja yang'olewe kwa mtarimbo na yasikatwe kwa shoka, ili yarudi juu ya paa lake. Pasipoandikwa fidia, amri ni maneno matupu. Na ikiandikwa halafu ikacheleweshwa miezi sita, siku nyingine kila mwenye nyumba atafunga mlango, naye atakuwa na haki.

Kila mkuu wa nyumba aweke saini au dole gumba, na mgeni anayepewa kiwanja baadaye asomewe na kutia lake. Nakala moja ibaki kijijini, moja iende kwa shefu wa gurupema, moja sheferi, yaani utawala wa Mwami ulio juu ya gurupema.

Kwa nini mpaka sheferi? Sheria ya tarehe 7 mwezi wa kumi 2008, namba 08/016, imeweka wazi ni ngazi gani zinajitawala na kuwa na bajeti yake: mji, komini, sekta na sheferi. Gurupema na kijiji hazimo. Kwa hiyo karatasi yenu ni makubaliano ya majirani, yana nguvu kwa sababu mmekubali. Uongozi wa sheferi ukitoa uamuzi unaoyatambua, ndipo yanapata mgongo wa utawala, na kijana aliyepanda juu ya paa kwa amri hatavutwa kirahisi kama mharibifu. Bashefu mliopo hapa, tunawaomba mlipeleke neno hili kwa Mwami na kwa baraza la sheferi bila kungoja moto uwatangulie.

Tuje kwenye vifaa. Hatutawaambia mnunue gari. Kwa kila nyumba kumi tunataka pipa moja la lita 200, lililojaa na kufunikwa, maana maji yasiyofunikwa yanazaa mbu. Liwekwe kando ya njia, juu ya mawe, mahali ambapo mtu anaweza kulifikia usiku bila kuomba ufunguo. Tumeona mapipa yakifungiwa ndani ya ofisi ili yasiibiwe. Pipa la namna hiyo halizimi kitu. Kando yake ziwe ndoo sita za lita 10, beleshi mbili, majembe mawili, shoka moja, na debe mbili za mchanga mkavu. Kwa kijiji kizima, ngazi mbili, mtarimbo, kamba ya mita 20, na ndoana mbili zenye mpini wa mti wa mita 4. Ndoana hiyo mhunzi anaitengeneza kwa chuma cha ujenzi cha milimita 12, kilichopindwa na kuchongwa ncha, kikafungwa kwenye mpini kwa pete mbili za chuma. Msifunge kwa mpira wala kamba ya nailoni, vinayeyuka mkivuta.

Mapipa matatu ni lita 600, yaani ndoo 80 za lita 10 zilizojazwa robo tatu. Zikitupwa ovyo na watu wanaokimbia, nusu inamwagika njiani. Zikipita katika safu, ndoo moja kila sekunde tano, mnapeleka lita 90 kwa dakika moja, na mapipa hayo matatu yanawapa zaidi ya dakika sita za maji yasiyokatika. Dakika hizo ndizo za kubomolea. Huku wengine wamekwisha kuanza safu ya pili kutoka kisimani au mtoni.

Safu inapangwa hivi. Mtu na mtu wanaachana mita moja na nusu, kwa hiyo mita 30 zinataka watu 20. Wanasimama wakitazamana kwa zamu, mmoja kulia mmoja kushoto, ili ndoo ipite kwa kugeuza mabega bila kutembea. Ndoo zisijazwe mpaka mdomoni, zijazwe robo tatu, wala msipitishe bido (madumu) za lita 20 kwa sababu baada ya dakika chache mikono inalegea na safu inakatika. Ndoo tupu zirudi kwa safu nyingine, ya watu wachache, nyuma ya ile ya kwanza. Watoto wasiingie hata katika safu ya ndoo tupu. Wao wapelekwe mahali palipochaguliwa, uwanja wa shule au wa kanisa, na mwalimu awahesabu kwa majina. Mbele kabisa asimame mtu mmoja tu wa kumwaga, mwenye nguo ya pamba iliyoloweshwa. Nguo za nailoni hushikana na ngozi zikiyeyuka.

Na anamwaga wapi? Chini ya moto, pale kuni na mbao zinapowaka, na juu ya ukuta wa nyumba inayofuata. Maji yaliyorushwa kwenye ndimi za juu hupotea kuwa mvuke.

Kengele ya kijiji ni janti (rimu) ya gari iliyotundikwa kwenye mti, na chuma cha kupigia kimefungwa kwa mnyororo. Mpatane mlio ambao kanisa na shule hawautumii, na mtu yeyote aruhusiwe kuupiga. Mtoto aliyepiga kwa kuona moshi akakosea asiadhibiwe, la sivyo siku ya moto wa kweli atasitasita.

Sasa esanse, mafuta ya magari na pikipiki. Sauti yetu itapanda kidogo hapa, mtusamehe.

Tarehe 2 mwezi wa saba 2010, huko Sange katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara inayotoka hapa kwenda Uvira, lori la mafuta lilipinduka. Mafuta yakamwagika. Watu wakaja na bido na sufuria kuchota, wengine walikuwa karibu tu, ndani ya nyumba za kutazamia mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Walikufa watu zaidi ya 230. Lile lilikuwa kundi la kawaida la watu wa kijiji chenye barabara, kama vijiji vyenu vilivyo na barabara.

Esanse yenyewe haiwaki, kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo unatoka hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi yote ya Kabare haiwezi kuuzuia. Tena ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, kwa hiyo haupandi juu ukapotea. Unatambaa chini, unateremka mfereji, unaingia nyumba ya bondeni ambako mama anapika, unakuta mbabula, jiko la makala, na moto unarudi kwa njia ileile mpaka kwenye lori. Aliyewasha anaweza kuwa mtu ambaye hajui hata kwamba lori limeanguka. Ndiyo sababu kusema "hakuna anayevuta sigara hapa" hakutoshi. Pikipiki inayowashwa inatosha, hata cheche ya bido la chuma likigonga jiwe.

Lori la mafuta likianguka penu, kazi ya mkubwa wa kijiji ni kuwaondoa watu, basi. Mita 300 kwenda upande upepo unakoelekea na bondeni. Ikiwa lori linawaka tayari, mita 800 kila upande. Mambabula yote ya bondeni yazimwe, pikipiki zisukumwe bila kuwashwa, barabara ifungwe pande zote mbili. Mjue kwamba watu watakasirika. Bido la lita 20 lililojaa ni fedha nyingi kwa mtu masikini, na mkubwa anayemzuia anaonekana anamnyima chakula cha watoto. Neno hili basi lisemwe leo, lisemwe makanisani, lisemwe tena kila mwaka, ili siku hiyo lisiwe geni masikioni mwao.

Kwa esanse ndogo za kila siku: wauzaji wa chupa na bido kando ya barabara wawe mbali na nyumba, angalau mita 10 kutoka jiko lolote, na debe la mchanga karibu. Pikipiki hulazwa ndani kwa hofu ya wezi. Tunaelewa hofu hiyo, lakini isilale chumba kimoja na mbabula wala taa ya moto. Ijengewe kibanda chenye komeo. Taa za petroli, yaani za mafuta ya taa, zisitiwe mafuta zikiwaka. Na petroli iliyochanganywa na esanse ili muuzaji apate faida inalipua taa mikononi, kwa hiyo muuzaji atakayejulikana kwa mchezo huo apelekwe polisi siku hiyohiyo. Moto wa esanse au wa mafuta ya kukaangia usimwagiwe maji kamwe: mafuta yanaelea juu ya maji na kusambaa yakiwaka. Tupieni mchanga. Sufuria ifunikwe kwa kifuniko au kitambaa kizito kilicholoweshwa na kukamuliwa, iachwe palepale mpaka ipoe, isibebwe kupelekwa nje.

Mashamba. Kila mwaka, mwezi wa saba na wa nane, kabla ya mvua za mwezi wa tisa, milima inafuka moshi. Kukataza kabisa hakujafanikiwa, hivyo tunaomba mpango. Anayetaka kuchoma amwambie mjumbe wake siku moja kabla, na kijiji kisichome mashamba mawili yanayopakana kwa siku moja. Azungushe shamba kwa kulima ukanda wa mita 3 mpaka udongo mtupu uonekane, na upande wa juu ukanda uwe mpana zaidi, kwa sababu moto hupanda mlima: kwa kila nyuzi 10 za mteremko, mwendo wake huongezeka karibu mara mbili. Kwenye miteremko yetu ya Bushi hiyo ni hesabu ya kutisha. Awashe kuanzia juu, moto uteremke polepole dhidi ya upepo, saa za jioni upepo ukitulia, akiwa na watu wanne wenye matawi mabichi na maji. Asiondoke mpaka amepitisha kiganja juu ya majivu bila kuhisi joto.

Mikalitusi msiipande karibu na nyumba. Majani yake yana mafuta, magome yake makavu yanaruka na upepo yakiwaka. Migomba ni rafiki: mashina yamejaa maji, na shamba la migomba kati ya nyumba na pori hupunguza moto, mradi majani makavu yanayoning'inia yakatwe na kuondolewa kabla ya kiangazi. Kazi hiyo ni ya salongo moja tu.

Umeme wa jua umeingia vijijini, na ni baraka. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni waya. Betri ya volti 12 inayoendesha vitu vya wati 300 inatoa ampea 25, na mtu ameunganisha kwa waya mwembamba wa taa, wa milimita 1 na nusu, akazungusha plastiki juu ya mafundo. Waya huo unachemka ndani ya ukuta wa mbao. Tumieni waya mnene, wa milimita 6 kwa ampea hizo, na kwa umbali mfupi tu, pamoja na fuzibli (fyuzi) isiyozidi sentimita 20 kutoka ncha ya chanya ya betri. Watu hudhani volti 12 haziwezi kudhuru. Kweli hazirushi mtu, lakini bisibisi ikiangukia ncha mbili za betri, inakuwa nyekundu papo hapo. Betri za maji ya asidi hutoa gesi inayolipuka zikichajiwa, hivyo zisikae chumba cha kulala wala karibu na mshumaa.

Na mbabula ndani ya chumba usiku wa baridi: makala yanayofuka yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Familia inalala na haiamki. Makala yazimwe nje, kwa maji au kwa kufunikwa udongo, kabla ya kulala.

Makanisa na shule: milango ifunguke kwenda nje, na iwe miwili kwa pande tofauti. Mlango mmoja unaofunguka kwa ndani, watu mia mbili wakiusukuma, haufunguki tena. Fundi anahamisha bawaba kwa nusu siku.

Mtu aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi, yanayotiririka, kwa dakika 20. Dakika 20 kamili; wengi huacha baada ya mbili. Pete na bangili zitolewe kabla ya kuvimba. Msipake dawa ya meno, yai, mafuta, wala kinyesi cha ng'ombe, na malengelenge yasipasuliwe. Funika kwa kitambaa safi, peleka kituo cha afya. Aliyevuta moshi mwingi, hata kama anatembea na kusema yuko sawa, aende pia.

Kuna jambo moja ambalo tunalisema kwa uchungu. Baada ya moto, hasa moto wa radi, watu hutafuta mchawi. Mara nyingi macho yanaelekea kwa mama mzee anayeishi peke yake. Radi hupiga milima yetu kwa sababu ya mawingu mazito ya mvua na kwa sababu nyumba na miti imesimama kileleni. Hakuna mzee anayeituma. Mkubwa wa kijiji afike kwa mzee huyo kabla ya kundi la vijana, amchukue, amlaze nyumbani kwake mwenyewe au kwa shefu wa gurupema, na awaite polisi. Na ikiwa kuna dalili kwamba mtu amechoma kwa makusudi, hiyo ni kesi ya OPJ, afisa wa upelelezi, na ya parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Baraza la kijiji lisimhukumu.

Usiku wa kwanza walinzi wanne wabaki na ndoo, kwa maana moto hurudi kutoka chini ya majivu. Asubuhi mjumbe aandike kila nyumba, watu wake, na kilichopotea, hasa karata za uchaguzi na vyeti vya watoto, ili attestation, hati za kuthibitisha, ziombwe pamoja kwa orodha moja.

Tumalizie na fedha. Katiba ya 2006 inasema kodi huwekwa kwa sheria tu, kwa hiyo kijiji hakina ruhusa ya kutoza "taxe ya moto", hata kwa nia njema. Michango iwe ya hiari, iandikwe katika daftari linaloonekana na wote, na itolewe risiti. Aliyevunja makubaliano, kwa mfano aliyechoma shamba bila kusema, apewe kazi ya kutengeneza alichoharibu badala ya faini ya mbuzi inayoliwa na wachache. Mapipa na ndoana za gurupema nzima ziombwe sheferi, ambako bajeti iko. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 mwezi wa kwanza, na bajeti inaandaliwa miezi kadhaa kabla, basi barua yenu ifike si baada ya mwezi wa saba. Isiseme "tunaomba msaada wa moto". Iseme vijiji vingapi, mapipa mangapi, ndoana ngapi, ngazi ngapi, nani atazitunza, na iambatane na proforma, karatasi za bei, za wauzaji watatu wa Bukavu, pamoja na ile karatasi yenye saini. Ipelekwe nakala mbili, na ya pili irudi kijijini ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe.